Mtoto wa Sura ya Saba: Jibu kwa Muuguzi Anayeandika Riwaya

*Swali: Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa Kisumu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya ya Kiswahili kwenye daftari kubwa, mara nyingi zamu ya usiku wodi ikitulia. Naamini Mungu ndiye aliyenipa kazi hii. Wachapishaji wawili wa Nairobi wamenijibu kwamba lugha ni nzuri lakini kitabu hakitafaa shuleni, na kisichoingia shuleni hakiuziki. Pasta wangu ananiambia niache hadithi za kubuni kwa kuwa ni uongo uliopambwa, niandike kitabu cha maombi. Mume wangu ananiunga mkono, yuko tayari tuchukue mkopo wa sacco wa shilingi 180,000 tuchape nakala 500 sisi wenyewe. Je, huu ni wito kweli ikiwa hakuna anayeuhitaji? Nimekutumia picha za sura ya kwanza, ya saba na ya mwisho. Mengi ya sura ya saba niliyaona kwa macho yangu. Mama wa mtoto yule anauza sukuma Kibuye na bado tunasalimiana.*

Dada yangu, nimezisoma sura zako mara mbili. Mara ya kwanza kimya, ya pili kwa sauti nimeketi barazani, kwa sababu sentensi ya Kiswahili ikiwa na kasoro ulimi hukwaa kabla jicho halijaona. Wangu haukukwaa mara nyingi. Una sikio. Nimesoma miswada kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa fasihi kule Vihiga, kisha mhariri, na neno hilo huwa silitoi ovyo. Nakuambia mapema ili lile gumu nitakalokuambia kuhusu sura ya saba usilisikie kama kwamba nakufukuza kazini.

Lakini tuanze na pasta, maana naona maneno yake yamekuchoma kuliko barua za Nairobi. Usimfanye adui. Mtu anayesimama mbele ya waumini kila Jumapili, akijua wiki nzima wamelishwa ahadi tamu na kila mwenye kipaza sauti, ana sababu ya kuogopa maneno yaliyopambwa. Hata hivyo, mwongo ana tabia moja ambayo msimulizi hana: mwongo hukuficha kwamba anabuni. Bibi wa Kijaluo aliyelala na wajukuu wake wa kike siwindhe, ile nyumba ya bibi wanamolala wasichana, akawatolea sigana, yaani hadithi, hadi moto ukawa majivu, hakumficha mtu. Msimulizi wa pwani akiita "Paukwa!" hutulia kwanza angoje "Pakawa!" Wasikilizaji wakishaitika, wote wawili wamekubaliana wanakokwenda, na hakuna aliyetapeliwa.

Kisha mwombe mfungue pamoja 2 Samweli 12. Daudi amemtwaa mke wa Uria na kumfanya Uria auawe vitani. Nathani anatumwa kwake. Angeweza kwenda na amri. Daudi alizijua amri zote. Akaenda na hadithi: tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyekula katika posho lake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani mwake. Kondoo huyo hakuwahi kuzaliwa. Nathani alimbuni. Mimi kila nikifika kwenye kile kikombe husimama. Kwa hoja ya kisheria ingetosha kusema maskini alikuwa na kondoo mmoja, akaporwa. Kikombe ndicho kilichomfanya Daudi awakwe na hasira na kutamka hukumu kabla hajajua anayehukumiwa ni nani. "Wewe ndiwe mtu huyo." Hadithi ile haikumletea Nathani hata shekeli moja, na ingeweza kumgharimu kichwa.

Wengi tukishafika hapo, kwenye mstari wa saba, hufunga Biblia tukiwa tumeshinda mjadala. Wewe usiifunge. Acha kidole chako kwenye ukurasa huo, nitaurudia.

Sasa sura ya saba. Mtoto wa miaka mitatu analetwa usiku na nimonia. Muuguzi wako anahangaika naye, oksijeni inawekwa, dripu inatafutiwa mshipa mara nne. Hadi hapo nilikuwa nimesahau kwamba nasoma. Unajua kuandika mikono inayofanya kazi. Kisha muuguzi anapiga magoti kando ya kitanda, na wewe unaandika: "Ghafla nuru ikajaa wodini, mtoto akafumbua macho akaomba uji, na wote waliokuwapo wakamtukuza Mungu."

Sentensi hiyo ningeweza kuipitisha kama nisingeona picha ya nne. Ulipopiga picha daftari, ukurasa wa upande wa pili uliingia nusu, na humo kuna mistari mitatu uliyoikata kwa kalamu nyekundu. Bado inasomeka: "Nilifunga oksijeni saa kumi na dakika kumi. Mama yake akauliza kama anaweza kumvisha soksi, kwa sababu kule anakopelekwa sakafu ni baridi. Nikamshikia miguu."

Niliweka simu chini nikatoka nje, nikasimama kwenye mgomba kwa muda.

Sikuulizi kwa nini uliikata. Nadhani najua. Uliogopa kwamba mtoto akifa baada ya maombi, msomaji atasema maombi hayafanyi kazi, na kitabu ulichokianza kwa ajili ya Mungu kitakuwa kimemshuhudia vibaya. Kwa hiyo ukamponya mtoto kwa kalamu. Dada, mimi nasadiki kwamba Mungu huponya, na kama mtoto wa hadithi yako angepona katika njia iliyotokana na hadithi yenyewe, ningekuambia uache apone. Lakini hii nuru haikutoka popote. Imeingia kwa sababu mwandishi alitaka kutoka chumbani. Hapa ndipo pasta wako ana haki, ingawa hakupaonyesha: kuna uongo katika riwaya yako, nao uko mahali pale ulipodhani umekuwa mcha Mungu zaidi.

Rudi sasa pale penye kidole chako na usome mstari wa 15 hadi wa 23. Mtoto wa Daudi anaugua. Daudi anafunga, analala chini usiku kucha, wazee wa nyumba yake wanajaribu kumwinua anakataa, hataki hata chakula. Siku ya saba mtoto anafariki. Watumishi wanaogopa kumwambia, na Daudi anatambua kwa kuwaona wakinong'onezana. Mwandishi aliyeona ule mnong'ono na kuuandika alikuwa mwandishi kwelikweli. Kisha Daudi anainuka, anaoga, anajipaka mafuta, anabadili mavazi, anaingia nyumbani mwa Bwana na kuabudu, halafu anarudi kwake anaomba chakula. Watumishi wanamshangaa. Anawajibu kwamba yeye atakwenda kwa mtoto, lakini mtoto hatamrudia. Hakuna nuru iliyojaa chumba. Na waumini wamesoma sura hiyo kwa karne na karne bila imani kuporomoka. Wapo waliofiwa ambao ndiyo sura pekee waliyoweza kuisoma.

Utetezi wa hadithi ya kubuni na mtoto aliyeombewa akafa vimewekwa katika sura moja ya Biblia. Sijui kama pasta wako amewahi kuvitazama pamoja. Mimi nilikuwa mtu mzima kabla sijaviona.

Nikuambie pia kwa nini jambo hili lanikaa moyoni. Riwaya yangu ya kwanza ilimhusu kijana mweka hazina wa kanisa aliyeiba michango ya akina mama, fedha walizokuwa wakikusanya kununua mabati. Nilivyoiandika mwanzo, aliondoka kijijini na haikujulikana alikoishia. Mchapishaji mmoja akaniambia kitabu cha vijana hakiwezi kwisha hivyo, lazima mkosaji atubu, nami nilihitaji fedha. Nikaongeza sura: kijana analia madhabahuni, kanisa linaimba, mwisho. Kilichapwa, kikanunuliwa na shule kadhaa. Nikampelekea mama yangu nakala. Yeye hakusoma Kiswahili, kwa hiyo jioni tatu mfululizo nilimsimulia kwa Kimaragoli, ukurasa kwa ukurasa, akichambua kunde. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na pesa za wale akina mama, zilirudi?"

Hazikurudi. Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimeshughulika sana na machozi ya mwizi hata nikawasahau walioibiwa. Mama alikuwa Mpentekoste tangu ujana wake, hakukosa ibada, na hakuridhika na toba ile hata kidogo. Zakayo mwenyewe alitaja marejesho mara nne. Nimeandika mengine tangu hapo, lakini swali lile bado ndilo ninaloanza nalo ninapopokea mswada wowote.

Umeniuliza kama wito unaweza kuwa wito ikiwa hakuna anayeuhitaji. Katika Kutoka 31, mtu wa kwanza ambaye Maandiko yanasema Mungu amemjaza roho yake ni Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, fundi. Alijazwa ili achonge mawe, akate miti, afanye kazi za dhahabu, fedha na shaba. Hakuna mahali anapoulizwa ni wangapi wataitazama kazi yake, na vitu vingine alivyovitengeneza viliwekwa nyuma ya pazia ambako kuhani mkuu aliingia mara moja kwa mwaka. Lakini vipimo vyake vilitajwa kwa dhiraa, kimoja kimoja. Ndiyo maana sipendi neno wito linapotumiwa kama blanketi la kufunika kazi mbovu. Nimepokea miswada mingi iliyoanza na barua, "Roho amenipa kitabu hiki," na ndani yake mhusika ana macho mawili rangi mbili tofauti kwa sababu mwandishi hakurudi kusoma alichoandika. Ukisema Mungu amekupa kazi, umejiongezea masaa ya kuifanya.

Kwa hiyo nakupa kazi. Mlinzi wa getini katika sura ya kwanza anamwambia mama wa mtoto, "Enenda kwa amani, ee mama, kwa maana milango imefunguliwa." Umeyatoa wapi maneno hayo? Umeyatoa kwenye Biblia ya Union, tuliyolelewa nayo sote, na ambayo imetupa Kiswahili kizuri. Lakini mlinzi wa hospitali Kisumu saa saba za usiku hasemi hivyo. Anasema, "Pita na huku, mama, harakisha, daktari ako ndani." Mwache aseme hivyo. Daktari wako pia, na yule binti wa famasi. Ukiwaachia midomo yao, yule bibi mzee anayenukuu Zaburi kitandani ataonekana alivyo, mtu ambaye maneno hayo ni yake.

Sura ya mwisho ina kurasa tatu ambazo muuguzi anaeleza alichojifunza. Zitoe zote tatu. Yesu alipomaliza mfano wa mwana mpotevu alimwacha yule kaka mkubwa nje, baba yake akimsihi, ngoma ikisikika kutoka ndani. Luka hatuambii kama aliingia. Waliomsikiliza walirudi nyumbani na huyo kaka mkononi.

Hapa ningependa umfahamu mwanamke mmoja, kama hujasikia habari zake. Marjorie Oludhe Macgoye alizaliwa Uingereza mwaka 1928 na kuja Kenya mwaka 1954, ametumwa na Church Missionary Society. Hakutumwa kuhubiri, alitumwa kuuza vitabu. Aliolewa na daktari Mjaluo, akawa mtu wa huku hadi kufa kwake mwaka 2015. Riwaya iliyompatia tuzo ya Sinclair mwaka 1986, alipokuwa akikaribia miaka 60, inamhusu msichana wa Kijaluo anayepanda treni kwenda kwa mumewe Nairobi. Anapoteza mimba. Baadaye anapata mtoto wa kiume, na mtoto huyo anauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969, siku ile Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali mpya na polisi wakafyatulia umati. Wewe unaijua hospitali hiyo, kila muuguzi wa Nyanza anaijua. Macgoye alikuwa Mkristo aliyevuka bahari kwa ajili ya imani yake, na hakumwokoa mtoto yule kwa kalamu. Alijua kuna akina mama Kisumu ambao wa kwao hawakuokolewa, na kwamba wangesoma.

Na Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alikuwa muuguzi kama wewe. Baba yake alikuwa mwalimu Mwanglikana aliyemsimulia hadithi za Agano la Kale, bibi yake akamsimulia za Kijaluo, na zote mbili zikaingia kwenye kalamu moja. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1966. Sikutajii majina haya ili ujilinganishe. Nataka tu ujue kwamba njia unayoipita imekanyagwa, na imekanyagwa hapahapa, na wanawake waliokuwa na kazi nyingine ya kulisha nyumba.

Nao wachapishaji? Hawakukutukana. Walikueleza tumbo lao lilivyo. Nchini kwetu riwaya huishi kwa shule: taasisi ya mitaala, KICD, ikikichagua kitabu kuwa kitabu teule, kitanunuliwa na wanafunzi nchi nzima kwa miaka kadhaa; isipokichagua, mchapishaji anabaki na maboksi stoo. Wanasoma mswada wako huku jicho moja likiwa kwenye darasa. Wachapishaji wa Kikristo tulionao, kama Uzima, Evangel na Paulines, wanajulikana zaidi kwa vitabu vya mafundisho na ibada, ingawa kuwaandikia hakukatazwi. Kuuza si dhambi, na sitaki uondoke hapa ukidhani kitabu kisichouzwa ni kitakatifu zaidi. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, akala jasho lake, akawa huru kusema alichotumwa. Mshahara wako wa wodini ndio mahema yako. Unakupa uhuru ambao mimi sikuwa nao nilipoandika ile sura ya toba.

Ndiyo maana mkopo unanitia hofu. Hebu tuuhesabu, kama yule mjenga mnara wa Luka 14 alivyopaswa kuketi na kuhesabu. Shilingi 180,000 kwa nakala 500 ni shilingi 360 kila nakala. Tuseme utauza 600. Duka la vitabu litataka thuluthi, yaani 200, kwa hiyo unabaki na 400, faida ya shilingi 40. Sasa toa nakala 40 utakazowapa jamaa, pasta, wakubwa wa kazini na shangazi wa kila upande, maana huwezi kumwuzia shangazi. Zikibaki 460 na zote ziuzwe, na maduka yote yalipe, utapata shilingi 184,000. Faida yote ni 4,000, kabla ya riba ya sacco na kabla ya nauli ya kupeleka maboksi Nakuru na Kakamega. Na zikikaa chini ya kitanda, kila usiku mtalala juu ya deni, na mwaka wa pili utaanza kukichukia kitabu ulichokipenda. Mwambie mumeo nimesema ana moyo mkubwa. Wengi wanaoniandikia hawana mtu wa kuwaunga mkono nyumbani. Lakini fedha hiyo aitunze.

Fanya hivi badala yake. Maliza kuandika upya, kisha uchapishe saiberi na kufunga kwa ringi nakala kama 10. Mpe muuguzi mwenzako mmoja, mwalimu mmoja wa Kiswahili, na mtu mmoja asiye wa kanisa lenu. Usiwaulize kama wamependa. Waulize waliacha kusoma wapi. Kama kikundi cha wanawake kanisani kitakuruhusu dakika ishirini, wasomee sura moja kwa sauti, na utazame nyuso, si karatasi. Baada ya hapo kuna tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiswahili, ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Wajaribu pia wachapishaji wengine, bila kuwaficha kwamba si kitabu cha darasani. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Ukitaka cheti, bodi ya KECOBO itakusajilia. Nambari ya ISBN hutolewa na Maktaba ya Taifa, lakini hiyo isikupe haraka, ni ya siku ya kuchapa.

Na kitabu cha maombi alichokiomba pasta? Kiandike ukitaka, siku moja. Kisiwe fidia ya hiki.

Limebaki moja, nimeliacha nyuma kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi. Wewe ni muuguzi. Ulichokiona wodini ulikiona ukiwa umeaminiwa, na siri ya mgonjwa haiishi mgonjwa akifa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kuna kiapo chako, na kuna upendo kwa jirani, ambao unadai zaidi ya vyote viwili. Kwa hiyo badilisha: mvulana awe msichana, nimonia iwe malaria, miezi ya mvua iwe kiangazi, kijiji kisitajike. Haya utayafanya kwa mchana mmoja na riwaya haitapungukiwa.

Soksi ni jambo jingine. Ukizibadilisha kuwa blanketi au kofia, ukurasa unakufa. Nimejaribu kichwani, unakufa. Lakini zilikuwa za yule mama kabla hazijawa zako. Aliziwaza yeye, usiku ule, alipokuwa hana tena kitu cha kumfanyia mwanawe.

Umesema anauza sukuma Kibuye. Usiende Jumapili, soko likifurika watu. Nenda siku ya kazi, mapema, kabla wateja hawajaanza. Nunua sukuma kwanza. Usimsomee lolote siku ya kwanza. Mwulize hali, na kama hataki kuzungumzia usiku ule, agana naye urudi nyumbani, na hapo soksi zitoke kitabuni, hata mimi niliyezililia nitakubali. Akitaka kuzungumza, keti. Mwambie unaandika, kwamba hutataja jina lake wala la mtoto, na kwamba kuna mistari mitatu ambayo hutaitumia bila ruhusa yake. Akikuruhusu, msomee hiyo mistari mitatu peke yake, kwa Kijaluo kama ndicho anachokielewa vizuri.

Na kama ataendelea kuongea, mwulize zilikuwa za rangi gani. Hukuandika.